Mtukanaji wa Timu ya Ilongero

Kila Ilongero walipofungwa, Jumbe Mughwai aliamkia uwanjani kuupima. Alianzia goli la mashariki, mikono mgongoni, akienda hatua kwa hatua kama mtu anayesindikiza mgeni, na akifika goli la magharibi aliinama, akachota udongo, akaunusa, akautupa. Mwaka ule alipima mara nyingi mpaka kukatokea kijia chake katikati ya uwanja.

"Udongo mzuri huu, Leonidas," alisema kila mara. "Uwele utaota hapa mpaka ukose pa kupita."

"Shikamoo, Jumbe," Leonidas alijibu, kwa sababu jibu lingine lolote lingempeleka barazani kwa utovu wa adabu.

Leonidas alikuwa kapteni wa timu, na uwanja ule ulikuwa umetoka mikononi mwake. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na koti zito, goti moja lisilokunjika vizuri, na hamu ya mpira aliyoipata jeshini. Akamwomba Mtemi kipande cha pori nyuma ya baraza, akapewa, na kiangazi kizima aling'oa visiki peke yake. Watu waliopita walimuuliza atapanda nini. Alipowaambia hapandi kitu, anataka tu pabaki wazi, walikwenda kwa mama yake kumpa pole kwamba vita vimemharibia mtoto. Hakuwa amejenga nyumba ya maana wala kuoa. Alikuwa na uwanja, na ukimwamsha usiku wa manane kumuuliza una urefu gani angekujibu bila kufumbua macho.

Lakini Mtemi alikuwa ametoa neno, na neno lake lilikuwa na mkia. Uwanja ni wa timu inayocheza daraja la kwanza, mbele ya Bwana DC, kwa heshima ya Ilongero nzima. Timu ikishushwa daraja itacheza mnadani kule Singida pamoja na wenzake wa daraja la pili, asubuhi kabla ng'ombe hawajaletwa, na uwanja utarudi kuwa shamba. Mlinzi wa neno hilo alikuwa Jumbe Mughwai, ambaye mwaka huohuo alinunua plau mpya ya kukokotwa na ng'ombe na hakuwa na pa kutosha kuilimia. Mtu mwenye plau mpya huwaangalia hata wenye makaburi kwa wivu.

Sasa ilibaki mechi moja tu, na Utemini, timu ya mjini. Wakishinda wanabaki. Wakitoka sare au wakifungwa, safari ya mnadani.

Na timu yenyewe? Timu ilikuwa na miguu, haikuwa na maelewano. Kefa, senta fowadi, alikuwa na mbio za swala, na Paskali, winga wa kulia, alikuwa anaupiga mpira ukamtii kama mbwa wa kufugwa. Wangepeana mpira hawa wawili, hakuna mtu wilayani angewakamata. Lakini Paskali hakuwa amempa Kefa mpira tangu arusi ya Elina. Elina, dada yake Kefa, aliolewa na kaka yake Paskali, na siku ya karamu, pale kwao Kefa, Paskali, mtu wa upande wa bwana arusi, tena aliyevaa tai, aliletewa sahani ya utumbo. Wengine walikula nyama ya paja. Paskali alikula utumbo ule wote, akanawa, akashukuru, na kuanzia hapo mpira wake wote ukawa unakwenda kwa watu wengine, au nje, au kwa adui. Kefa naye, mwenye kiburi cha kutosha ukoo mzima, hakuwahi kuuliza wala kueleza.

Nyuma kulikuwa na Fabiano, beki, aliyekuwa upande wa Kefa, na golini kulikuwa na Petro, aliyekuwa upande wa Paskali, kwa hiyo Fabiano alimwacha adui apite ili Petro aaibike, na Petro aliacha mpira uingie ili ionekane Fabiano ndiye aliyemwacha adui apite. Waligombana kwa Kiswahili, na mambo yalipozidi walihamia Kinyaturu.

Leonidas alikuwa na dawa yake, aliyoitoa jeshini. Kule kwenye kambi walikuwa watu wa makabila yote, hawapendani hata kidogo, mpaka alipoletwa sajini mmoja mwenye mdomo mchafu aliyewatukana asubuhi na jioni. Ndani ya muda mfupi kambi nzima ikawa kitu kimoja kwa kumchukia. Kinachotakiwa, Leonidas aliwaza, ni mtu wa nje awatukane hawa wapumbavu wangu mpaka wasahau utumbo.

Mtukanaji wa kwanza hata hakutafutwa. Karani mmoja wa Utemini, kijana aitwaye Chrispin, alikuwa na pembe ya bati ya kutangazia mechi, na baada ya Ilongero kufungwa na timu ya askari aliinua pembe yake mbele ya umati wote akasema kwamba Ilongero wanacheza kama watu waliokutana njiani wakielekea kliniki.

Leonidas alisubiri hasira. Hasira ikaja, ila ilikosea njia.

"Umesikia?" Kefa alimwambia Fabiano. "Huyo amemsema Paskali, na mwendo wake wa kuumwa."

"Kliniki ni Petro," Fabiano alisema. "Nani mwingine anasimama golini kama anasubiri sindano?"

"Alikuwa anamtazama Kefa alipokuwa anasema," alisema Paskali. "Mimi nilimwona macho."

Wakarudi Ilongero kwa makundi mawili, moja kwa barabara na jingine kwa njia ya mashambani. Leonidas alitembea peke yake katikati, akiwa amejifunza jambo: tusi la kijumla halifai, kila mtu anamkabidhi jirani. Alitaka mtu wa kutukana kwa majina, uso kwa uso, mpaka mtu akose pa kulipeleka.

Mtu huyo alikuwepo. Pale Utemini, kwenye baraza ya duka, alikaa fundi cherehani mmoja, Gasto, mwenye kizibao na kofia ya pama, aliyejulikana kwa mdomo kuliko kwa mishono. Ukimpeleka suruali yenye tundu, kwanza anakueleza tundu limetokana na nini katika tabia yako, kisha anashona. Watu walitoka kwake wakiwa wameshonewa na kuvuliwa nguo kwa wakati mmoja. Alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka, na Leonidas akamchukulia kuwa mtu wa pwani. Hapo ndipo alipokosea. Kwetu sisi, ukikutana na mtu, kabla hujamwomba hata maji unamuuliza kabila, ukoo, na upande wa mama. Leonidas alikuwa ameishi sana na wanajeshi, ambao hukuuliza namba tu, akaruka hatua hiyo.

"Nataka uje uwatukane vijana wangu," alisema. "Kwa majina. Usibakishe."

Fundi Gasto alisimamisha cherehani. "Ni watu gani hao vijana wako?"

"Wanyaturu."

"Wote?"

"Watupu."

Fundi akatabasamu taratibu, tabasamu la mtu aliyeambiwa chakula kiko mezani. "Sitaki hata malipo," alisema. "Nitakuja na baiskeli yangu."

Leonidas alirudi nyumbani amefurahi, akidhani ukarimu ni tabia ya watu wa pwani.

Alhamisi jioni, siku mbili kabla ya mechi ya Utemini, timu ilikuwa mazoezini, na Jumbe Mughwai alikuwa pembeni akiangalia mawingu, ambayo yalikuwa yameanza kujikusanya. Fundi akaingia uwanjani na baiskeli yake, akaiegemeza kwenye nguzo ya goli, akavua kofia.

"Yupi Kefa?" aliuliza. "Usiniambie. Ni yule mwenye kifua mbele na akili nyuma. Baba, unakimbia vizuri sana, tatizo huulizi unakwenda wapi. Na Paskali ni huyu, bibi arusi wa timu, mpira ukimgusa anauonea haya. Petro! Mama yako alikuzaa golini au ulipotea njia? Nimeona mageti ya zizi yanayofunga kuliko wewe. Na wewe beki, sijui Fabiano, umepinda mpaka adui wanakuhurumia, wanakuzunguka ili usianguke!"

Hakuna aliyecheka. Kefa alivimba shingo. Paskali aliacha mpira, akasogea mbele, na bila kutazama akajikuta amesimama bega kwa bega na Kefa, wote wawili wamekunja ngumi, wote wanamtazama mtu mmoja. Petro alitoka golini. Fabiano alikuja upande wa pili. Leonidas alisikia moyo wake unapiga kwa raha. Walikuwa wanamzunguka fundi kama ukuta, timu nzima, kwa mara ya kwanza tangu arusi ile.

"We bwana!" Jumbe Mughwai aliita kutoka pembeni. "Kabla hawajakuua, ni kabila gani wewe, ili tujue pa kupeleka habari?"

"Mnyamwezi, mzee wangu," fundi alijibu, akivaa kofia yake. "Mnyamwezi wa Tabora, baba na mama."

Ngumi zikalegea. Kisha Kefa akapiga mikono mapajani.

"Mtani!"

"Mtani!" wengine wakadakia. "Mshenzi wewe, si ungesema!"

Na hasira yote ikakimbia kama imefukuzwa na mbwa. Sasa kila mtu alimkumbatia fundi. Petro alimwambia kwamba Wanyamwezi waligunduliwa wakiwa wamebeba mizigo na mpaka leo hawajui ya nani. Paskali aliuliza kama ni kweli kwao huoga kwa zamu ya ukoo. Walicheka mpaka wakaketi chini. Maana tusi la mtani si tusi. Ni salamu, na mtu akilikasirikia, ugonjwa ni wake. Leonidas alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikwenda mpaka mjini kutafuta adui, akaleta ndugu.

Lakini fundi hakuwa amemaliza. Alikuwa ameitiwa kazi, naye hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu.

"Nyamazeni," alisema. "Mimi sikuja kutukana. Nimeletewa habari ya msiba. Nimeambiwa kuna marehemu hapa, anaitwa Timu ya Ilongero, anazikwa Jumamosi. Watani hawazuiwi msibani."

Akaanza kulia. Alilia kwa sauti, ameshika kiuno, akizunguka uwanja na kumsifu marehemu, na huku akiigiza, kama watani wanavyomwigiza maiti mbele ya wafiwa. Aliigiza Petro akitoka golini kusalimia shangazi yake wakati mpira unaingia. Aliigiza Paskali anavyomwona Kefa yuko peke yake mbele ya goli, anavyogeuka, anavyotafuta mtu mwingine, anavyokosa, na anavyoamua kuupiga kwenye mihogo ya watu. Timu ilikuwa imelala chini kwa kicheko. Paskali mwenyewe alikuwa anafuta machozi, na Kefa alikuwa amemshika bega ili asidondoke.

Wakiwa katika hali hiyo, fundi alichukua mfuko wa jezi, akachukua mpira, akaufunga kwenye baiskeli, akapanda, akaondoka.

"Nguo za marehemu!" alipiga kelele akielekea barabarani. "Haki ya mtani!"

Na kweli ilikuwa haki yake. Mtani akichukua kitu msibani hanyang'anywi, hashitakiwi popote, wala hupigi kelele za mwizi. Unamfuata, unambembeleza, unakomboa kitu chako. Na jezi zile ndizo pekee walizokuwa nazo, na mpira ule ulikuwa mmoja tu Ilongero yote.

Wakasimama wote kwa pamoja, wakakimbia. Leonidas alikimbia nyuma kwa goti lake bovu, na akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona mwaka mzima: timu yake yote inakwenda upande mmoja. Kefa alitangulia. Fabiano alipiga kelele, "Paskali, mzibie kulia!" na Paskali akaziba kulia. Petro alikata njia ya mkato kwenye shamba. Mchanga wa korongo ukalishika gurudumu la fundi, na walipomzunguka alikuwa ameketi juu ya mfuko wa jezi, anajipepea na kofia.

"Nataka jogoo," alisema. "Achinjwe kwa Kefa, apikwe kwa Kefa, na nyama nigawe mimi."

Hapakuwa na la kujadili. Kwa Kefa kukachinjwa jogoo, mkewe Selina akapika, ugali ukasongwa, na timu nzima ikaketi uani kungoja. Fundi akainua sahani. Leonidas alikuwa amemsimulia habari za utumbo siku ile pale kwenye baraza ya duka, naye hakuzisahau. Akachukua paja moja nono, akampa Kefa mkononi.

"Mpe Paskali," alisema.

Mafuta ya paja yakaanza kudondoka. Kefa alilitazama paja, akamtazama Paskali, akatazama chini.

"Lilikuwepo paja lako," alisema hatimaye. "Siku ile. Lilikuwa limetengwa, na ndizi pembeni. Mbwa akaingia jikoni. Sasa wageni wameshakaa, wakwe wameshakaa, nitasimama niseme nini? Kwamba nyama ya bwana mkubwa ameila mbwa?"

"Ungesema."

"Mbele ya baba mkwe wa dada yangu?"

Paskali alilipokea paja kwa mikono miwili, kama inavyopaswa. "Mwaka mzima," alisema, "nimemchukia binadamu kwa kosa la mbwa." Akalimega, akampa Kefa nusu.

"Jezi zenu hizi," fundi alisema huku anakula. "Zinanuka, lakini marehemu ameamka."

Ijumaa ilinyesha mvua ya kwanza, nzito, ya kulainisha ardhi. Jumamosi walikwenda Singida kwa miguu, matope mpaka magotini, wakiimba. Uwanjani Chrispin alikuwa tayari na pembe yake ya bati. Aliposema kwamba Ilongero wameletwa kuzikwa, timu nzima ilicheka. "Huyo anaiga," Petro alimwambia Fabiano. "Hajui kulia hata kidogo." Kutoka kwa watazamaji fundi Gasto alitukana pande zote mbili bila upendeleo, na refa pia, ambaye, kwa kuwa hakuwa mtani wake, akamwonya.

Utemini walifunga kwanza. Zamani hapo ndipo makundi yangeanza kutafutana. Petro alichukua mpira wavuni, akasema, "Langu hilo, jamani, msinisute," na Fabiano akasema hapana, ni lake, na wakabishana kila mmoja akilivuta kosa kwake mpaka Leonidas akawafukuza wakacheze. Kabla ya mapumziko Paskali aliinua kichwa, akamwona Kefa peke yake, akampa. Kefa alishangaa mpaka nusura akose, lakini hakukosa. Kipindi cha pili Paskali akampa tena. Mbili kwa moja. Bwana DC alipiga makofi akiwa ameketi, na Chrispin akaishusha pembe yake, akatangaza matokeo kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sauti ndogo.

Leonidas hakushangilia sana. Alisimama ameshika nguzo ya goli, analia waziwazi, na hakuona haya. Uwanja umebaki, alikuwa akisema. Uwanja umebaki.

Walilala mjini kwa ndugu na marafiki, na Jumapili baada ya ibada wakarudi. Walikuwa wanaimba walipopita barazani. Walikuwa wanaimba walipozunguka nyuma ya baraza. Hapo wimbo ukakatika.

Uwanja ulikuwa umelimwa. Kutoka goli mpaka goli, matuta mekundu, marefu, yamenyooka vizuri kabisa. Nguzo za magoli zilikuwa zimesimama kwenye shamba kama vitu vilivyosahauliwa. Na mwishoni, chini ya goli la magharibi, Jumbe Mughwai alikuwa amekaa juu ya plau yake mpya, amefunga kitambaa kichwani, anapumzika.

"Jumbe," Leonidas alisema, na akasahau hata kuamkia. "Tumeshinda."

Jumbe alisimama. Uso wake, ambao ulikuwa umeanza kutabasamu, ulibadilika. "Mmemshinda nani?"

"Utemini."

"Nyinyi?"

"Sisi."

"Mvua ilikuwa imenyesha," Jumbe alisema, na sasa alikuwa anaomba. "Udongo ulikuwa tayari. Ningengoja mpaka lini? Nani alijua mtashinda? Sema wewe, kapteni. Ulijua?"

Leonidas alifikiri kusema ndiyo. "Hapana," alisema. "Hata mimi sikujua."

Kisha akaketi chini pembeni ya shamba, na goti lake bovu limenyooka mbele. Aliviona tena visiki vyote vile alivyong'oa, kimoja kimoja, na hakuwa na nguvu ya kuanza tena. Neno la Mtemi lilikuwa upande wake, angeweza kwenda barazani, kungekuwa na mashauri na shuhuda na barua mpaka uwele uive. Alitazama matuta akasikia kitu ndani yake kinasema basi.

Hakuona nani alianza. Alipoinua macho, Kefa na Paskali walikuwa wameshikana mabega kwenye tuta la kwanza, wanalikanyaga. Petro akaja akashika bega la Paskali, Fabiano bega la Kefa, na mmoja baada ya mwingine timu yote ikawa mstari mmoja kuvuka uwanja, miguu mitupu ikipanda na kushuka, tuta likisagika, wakisogea mbele pamoja. Walikuwa wamerudi kwenye wimbo. Jumbe Mughwai alipiga kelele kwamba mbegu zake, mbegu zake, na kwamba wao ni wendawazimu, watoto wa wendawazimu, na hakuna aliyegeuza kichwa.

Mstari ulipofika karibu na Leonidas, Kefa alisimama, akamtazama pale chini.

"Na wewe umekaa nini hapo kama mjane?" alisema. "Kapteni gani wewe! Timu inafanya kazi, kapteni anaota jua! Mvivu mkubwa, mwenye goti la kuazima, inuka!"

Kefa hakuwa mtani wake. Alikuwa Mnyaturu kama yeye, wa mtaa huohuo, mdogo kwake kwa umri, na hakuwa na ruhusa ya mila yoyote kumwambia maneno yale. Leonidas alisikia damu inampanda usoni, akasimama kwa hasira, akaingia kwenye mstari kati ya Kefa na Paskali, akaanza kukanyaga.